Jakob Lorber: mpiga fidla aliyeikacha kazi ya ndoto yake asubuhi moja, akakaa mezani kuandika miaka 24

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja ambaye huku kwetu hatajwi sana ila Ulaya ya kati, hasa kwa wanaozungumza Kijerumani, ana wasomaji wake hadi leo. Anaitwa Jakob Lorber. Kazaliwa 22 Julai 1800, kafa 24 Agosti 1864, zaidi ya nusu ya maisha yake ni mwanamuziki tu wa kawaida anayehangaika na fidla na kinanda, halafu miaka 24 ya mwisho ni mtu anayeamka asubuhi anakaa mezani na kuandika kitu anachosema anasomewa na Mungu mwenyewe. Maelfu na maelfu ya kurasa. Na wala hakuwa padri, hakuwa profesa, hakuanzisha kanisa wala dhehebu, hakujipa cheo chochote zaidi ya kujiita mtumishi wa kuandika.

Kilichonisukuma kuandika huu uzi ni kwamba kila nikisoma mijadala juu ya huyu mzee naona inaanzia na kuishia kwenye swali lile lile, je ile sauti ilikuwa ya Mungu au alikuwa na matatizo ya akili. Watu wanaparurana weee, na katikati ya hapo kuna kitu kikubwa wanakiruka, nacho ni muziki. Mimi naamini huwezi kumwelewa Lorber mwandishi kama hujamwelewa Lorber mpiga fidla. Tutafika huko, twende taratibu.

#2 Mleta uzi

Kwao ni kijiji cha Kanischa, parokia ya Jahring, kaskazini kidogo ya mji wa Marburg ambao leo unaitwa Maribor na uko Slovenia, ila enzi hizo yote ilikuwa jimbo la Styria chini ya mfalme wa Austria. Ni nchi ya vilima na mizabibu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa zabibu, maisha ya kuunga unga, lakini baba yake Michael alikuwa na kipaji, anapiga vyombo kadhaa na anaongoza kikundi cha muziki. Kwa hiyo mtoto kakua anasikia muziki ndani ya nyumba. Mwalimu wa shule ya kijijini akampa msingi, fidla, kinanda na ogani ya kanisani, basi. Baada ya hapo hakukaa konsevatori, yaani chuo cha muziki, kama wenzake wa mjini, kilichobaki ni kujifua mwenyewe miaka nenda rudi.

Mwaka 1817 akaenda Marburg kusomea ualimu wa shule za vijijini, akafanya kazi kidogo kama msaidizi wa mwalimu, padri mmoja akaona huyu kijana ana kichwa akaanza kumfundisha Kilatini, ndipo akarudi Marburg kusoma sekondari huku anajilipia maisha kwa ogani na fidla. 1824 akahamia Graz, mji mkuu wa Styria. Masomo yakamshinda kuyamalizia kwa sababu ya hela, akawa mwalimu wa nyumbani kwa familia moja kwa miaka mitano. 1829 akamaliza kozi ya walimu wa shule za juu, akaomba kazi, hakupata haraka. Hapo ndipo akasema liwalo na liwe, naingia kwenye muziki mazima.

Na sio kwamba alikuwa mbabaishaji. Alikutana na Paganini, yule mpiga fidla wa Kiitaliano aliyeitikisa Vienna mwaka 1828 hadi watu wakasema ana mkono wa shetani, na alipata nafasi ya kufundishwa naye kidogo. Alitunga nyimbo, alifundisha uimbaji na kinanda, alipiga fidla kwenye makonseti. Rafiki yake Karl Gottfried von Leitner, mshairi wa Graz ambaye ndiye aliyeandika habari za maisha yake, anasema Lorber aliwahi kupiga hadi La Scala, jumba maarufu la opera la Milan. Hebu fikiria mtoto wa mkulima wa zabibu aliyejifua mwenyewe kusimama pale.

Kingine kuhusu huyu jamaa, alikuwa anapenda nyota kupita kiasi. Alijitengenezea darubini yake kwa makaratasi magumu, kubwa lakini nyepesi ya kubeba, na usiku ukiwa mweupe anatoka nayo nje na marafiki kuangalia mwezi, Jupita na pete za Saturn. Mpita njia yeyote akionyesha hamu anakaribishwa achungulie. Napenda sana hiki kipande, kinaonyesha moyo wake. Mtu hana hela lakini mbingu anagawa bure.

#3 Mleta uzi

Sasa tufike 1840, na hapa msome kwa makini.

Lorber anakaribia miaka 40. Hana mke, hana kazi ya kudumu, anaishi kwa vipindi vya kufundisha muziki. Ghafla inakuja ofa kutoka Trieste, bandari kubwa ya Austria kwenye bahari ya Adriatiki, wanamtaka awe kiongozi wa pili wa okestra kwenye jumba la maonyesho. Kwa mwanamuziki wa aina yake hiyo ndiyo yenyewe, mshahara wa uhakika, cheo, jina. Kaikubali, maandalizi ya safari yanaendelea.

Tarehe 15 Machi 1840, saa 12 asubuhi, kamaliza kusali yuko tayari kutoka kitandani. Upande wa moyo akasikia sauti waziwazi ikimwambia ainuke, achukue kalamu aandike. Akaamka akachukua kalamu. Maneno ya kwanza yaliyotoka yalikuwa ya mwaliko, kwamba anayetaka kusema na Mungu amwendee, na jibu litawekwa moyoni mwake, ila ni wale wenye moyo safi na mnyenyekevu tu watakaoisikia sauti. Huo ndio ukawa mwanzo wa kitabu chake cha kwanza, "Die Haushaltung Gottes", yaani utunzaji wa nyumba ya Mungu, kilichofika juzuu tatu.

Kazi ya Trieste akaipiga chini.

Nawaomba msiipite hiyo sentensi haraka. Wengi wanaodai kusikia sauti, baada ya sauti maisha yao yanapanda, wanapata wafuasi, sadaka, nyumba. Huyu alishuka. Alirudi kwenye vipindi vya kinanda na fidla hadi anakufa, vitabu vyake vingi vilichapwa akiwa kaburini, na Austria ya kansela Metternich ilikuwa na ukaguzi mkali wa maandishi kwa hiyo hata kutangaza tu kwamba una kitu kama hicho ilikuwa ni kujitafutia balaa. Miswada ilikuwa inanakiliwa kwa mkono na marafiki na kusomwa kimya kimya majumbani.

#4

Mkuu tunafuatilia, weka basi na jinsi alivyokuwa anaandika, alikuwa anaingia kwenye hali fulani kama waganga wanaopandisha au vipi?

#5 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na jibu lake limewashangaza wengi: hakuna kupandisha. Leitner alikuwa anakwenda kwake na kumkuta akiandika, na alivyoeleza ni kitu cha utulivu kabisa. Asubuhi kabla ya chai jamaa anakaa kwenye kimeza chake, kipindi cha baridi anakisogeza karibu na jiko la kuotea moto, anatulia, halafu kalamu inaanza kwenda kwa mwendo wa wastani. Hasimami kufikiri. Hafuti. Hana vitabu vya kurejea mezani. Leitner anasema alikuwa kama mtu anayesomewa imla na anachofanya ni kufuata tu. Siku nyingine anamtamkia mwingine anayeandika badala yake, na maneno yanatoka vile vile bila kukwama.

Yeye mwenyewe baadaye alimweleza rafiki yake kwamba anayasikia maneno eneo la moyo kama wazo lililo wazi mno, safi, kama maneno yaliyotamkwa, na kwamba mtu aliyekaa hata karibu naye vipi hawezi kusikia chochote. Kwa hiyo hata yeye hakudai ni sauti ya masikioni.

Na hapa ndipo muziki unaporudi. Mtu anayepiga fidla mbele ya watu hana kifutio. Noti ikishatoka imetoka, unachofanya ni kusikiliza ndani inayofuata na mkono ukatii papo hapo. Huyu mtu alijifua hilo zoezi tangu utotoni, kusikia kitu ndani na kukitoa nje bila kukiingilia, bila ile sauti nyingine ya "ngoja kwanza, hii imekaa vizuri kweli?" inayotuua waandishi wengi. Na sikio la mtu aliyejifundisha mwenyewe ndiyo kabisa, maana mwenye mwalimu ana kitabu na noti mbele yake, asiye na mwalimu ana sikio tu. Sasa muumini atasema Mungu alikuwa anaandaa chombo chake miaka 40. Asiyeamini atasema jamaa alikuwa na mazoezi ya hali ya juu ya kuachia akili ya ndani iseme. Wote wawili lakini wanapaswa kupita kwenye ile fidla kwanza, na wengi hawapiti.

Ukisoma vitabu vyenyewe unaliona hili. Sentensi zake ni ndefu, zinazunguka, wazo linatajwa, linaachwa, linarudi limevaa nguo nyingine, linarudi tena. Watu wanasema anachosha, na kweli sehemu nyingine anachosha haswa, ila ukisoma kwa sauti unagundua ni mtunzi wa muziki anayerudia mada yake na kuigeuza.

#6

Naheshimu juhudi zako mkuu ila tuwe wakweli. Mtu anasikia sauti, anaacha kazi, hajaoa, anaandika bila kukoma. Leo angepelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ndani ya wiki. Tusipambe ugonjwa kwa maneno matamu.

#7 Mleta uzi

Mkuu hoja yako siikimbii, wapo hata wataalamu walioandika hivyo. Lakini tazama na upande huu. Ugonjwa wa akili wa aina unayoisema mara nyingi unamvunja mtu, anashindwa kazi, anagombana na ndugu, anachanganyikiwa kadiri miaka inavyokwenda. Lorber katikati ya miaka ya 1840 aliondoka Graz akaenda Carinthia, jimbo jingine la Austria, kumsaidia ndugu yake kwenye biashara ya mbao, akafanya kazi, akarudi. Aliendelea kufundisha wanafunzi. Marafiki waliokuwa wanamzunguka hawakuwa watu wa kurubuniwa kirahisi. Kulikuwa na Andreas Hüttenbrenner aliyekuwa meya wa Graz, na kaka yake Anselm Hüttenbrenner, mtunzi wa muziki aliyesoma kwa mwalimu Salieri kule Vienna na rafiki wa mtunzi mashuhuri Schubert.

Huyu Anselm ngoja nimseme kidogo. Ndiye aliyekaa na mswada wa ile simfoni ya Schubert isiyokamilika nyumbani kwake miaka zaidi ya 40, dunia haijui kama ipo, hadi akautoa mwaka 1865 na Desemba mwaka huo huo ikapigwa Vienna kwa mara ya kwanza. Huyo huyo ndiye aliyekuwa anakaa na kunakili maandishi ya Lorber kwa mkono wake. Yaani nyumba moja, mtu mmoja, kashika kazi mbili kubwa ambazo wakati huo hakuna aliyezijua, moja ya muziki moja ya roho. Mimi hilo linanigusa sana.

Ila nakubaliana na wewe kwenye jambo moja. Uaminifu wa mtu hauthibitishi kwamba alichosema ni kweli. Mtu anaweza kuwa mkweli kwa asilimia zote na maneno yake yakawa na makosa. Na makosa yapo, nakuja nayo.

#8

Makosa gani tena? Mimi nimesoma kwamba alitabiri sayari ya Neptune kabla haijagunduliwa, wanasayansi wakabaki midomo wazi.

#9 Mleta uzi

Hapa ndipo wafuasi wake wanapomharibia mzee wa watu.

Ni kweli kwenye kitabu chake cha jua, ambacho ni cha 1842, anataja sayari iliyo mbali kupita Uranus na anaiita Miron. Na Neptune ilionwa Berlin mwaka 1846 na mtaalamu wa nyota Galle kwa hesabu za Mfaransa Le Verrier. Inasisimua ukiisikia mara ya kwanza. Lakini tangu 1821 mtaalamu wa nyota Bouvard alipochapisha majedwali yake ya mwendo wa Uranus ikaonekana ile sayari haifuati njia iliyokadiriwa, na wanaastronomia wakawa wanasema wazi huenda kuna nyingine huko nje inayoivuta. Mtu mwenye darubini yake na hamu ya nyota kama Lorber angeweza kabisa kuwa ameshasikia hizo habari. Mimi siitumii kama ushahidi na nashauri wengine msiitumie.

Upande wa pili sasa. Anasema jua lina wakaaji. Anaelezea Saturn na watu wake, wanyama wake na miti yake kwa urefu wa kitabu kizima. Anasema mwezini kuna watu, na wanaishi ule upande tusiouona kutoka duniani, huko kuna hewa na maji. Mwaka 1959 chombo cha Wasovieti Luna 3 kikapiga picha upande huo, 1968 wanaanga wa Apollo 8 wakauona kwa macho yao. Mawe na mashimo. Hakuna watu, hakuna hewa ya kuvuta, hakuna mashamba.

Wapo wanaojitetea kwamba hizo ni habari za kiroho, kwamba hao ni roho na sio miili. Nimesoma hizo kurasa, hazisomeki hivyo. Anaeleza vyakula, nyumba, hali ya hewa. Ukigeuza kila kinachogoma kuwa fumbo basi hakuna kitabu duniani kitakachowahi kukosea. Ni bora kukubali kwamba hapo alikosea kuliko kupindisha maneno yake, na yeye alikuwa mtu mwenye adabu na maneno, anastahili kusomwa alivyoandika.

#10

Sasa kama anakosea mambo ya mwezi tunaoona kila siku, kwa nini nimwamini mambo ya mbinguni nisiyoyaona?

#11 Mleta uzi

Ni swali la haki kabisa na sina ujanja wa kulikwepa. Mimi simsomi kama msahafu. Namsoma kwa yale ambayo naweza kuyapima ndani ya maisha yangu. Mafundisho yake ya msingi ni machache. Kwamba Mungu kwa asili yake ni upendo na anajulikana kwa kupendwa, na akili peke yake haimfikii. Kwamba hiari ya mtu haivunjwi hata na Mungu mwenyewe. Kwamba roho inapanda hatua kwa hatua kutoka kwenye jiwe, mmea, mnyama hadi mtu. Kwamba baada ya kifo safari inaendelea na jehanamu ni hali ambayo mtu anaijenga na anaweza kutoka akigeuka. Hilo la mwisho kalitolea visa virefu vya watu wanaoingia ng'ambo na kiburi chao chote, kuna askofu anayeitwa Martin ambaye cheo chake kule hakimsaidii chochote, inabidi aanze upya kama mtoto mdogo. Ile sehemu ya askofu akiwa peke yake kwenye ukiwa, anasubiri mtu aje kumpokea kwa heshima zake na hakuna anayekuja, imeandikwa kwa ustadi mkubwa sana, na anajibizana na nafsi yake kurasa kwa kurasa.

Wakatoliki na Waprotestanti wote walimkataa kama ufunuo, na ukiangalia mafundisho yao unaelewa kwa nini. Lakini E. F. Schumacher, yule mchumi, kwenye kitabu chake cha falsafa alimtaja Lorber kwa heshima miongoni mwa watu waliopata uwezo usio wa kawaida. Kwa hiyo sio wajinga tu wanaomsoma.

#12

Mkuu umenikumbusha Hazrat Inayat Khan wa India, naye kaacha muziki kwa ajili ya roho. Au ni tofauti?

#13 Mleta uzi

Wanafanana ila tofauti zao ndizo tamu zaidi. Inayat Khan kazaliwa Baroda mwaka 1882 kwenye ukoo wa wanamuziki wakubwa, babu yake Maula Bakhsh alikuwa na jina zito, kwa hiyo kafundishwa na mabingwa. 1910 akaenda Magharibi na vina yake, ala ya nyuzi ya Kihindi, akawa anapiga na kufundisha usufi, mwishowe akaweka chombo chini. Yeye muziki ukawa ndiyo somo lenyewe, anaufundisha, ulimwengu mzima anaueleza kama sauti na mtetemo. Kwa Lorber muziki ulizama chini. Hauongelei sana kwenye maandishi yake, na fidla hakuiacha maana ndiyo iliyomlisha. Muziki wake uko kwenye jinsi alivyosikiliza. Inayat Khan pia alikuwa na wanafunzi waliompa bayat, yaani kiapo cha utii, na jumuiya iliyompokea, Lorber alikuwa na marafiki na kimeza.

#14

Nataka kuanza kumsoma. Nianze na kipi? Naona kuna rundo.

#15 Mleta uzi

Usianze na lile kubwa. "Das große Evangelium Johannes", injili kuu ya Yohana, lilianza 1851 na lina juzuu 10 nene, linasimulia miaka mitatu ya Yesu karibu siku kwa siku, watu wengi wanalianza kwa moto na kuliacha juzuu ya pili. Na vya sayari viache kabisa mwanzoni, utavunjika moyo.

Anza na askofu Martin niliyemtaja, ni kisa, kinasomeka. Halafu "Die Jugend Jesu", cha utoto wa Yesu, kina upole. Ukiona unavutiwa ndipo uingie kwenye ile injili, na usome taratibu kwa sauti, sura moja moja, hapo ndipo utausikia ule mwendo niliousema. Kijerumani ndicho asili na nyumba inayochapisha iko Bietigheim kule Württemberg, lakini tafsiri za lugha nyingine zipo.

Utakutana pia na juzuu ya 11 ya ile injili. Hiyo sio ya Lorber. Yeye aliumwa mwaka 1864, akawa anaendelea na injili yake hadi Julai, Agosti akafariki, akazikwa makaburi ya St. Leonhard pale Graz, na kazi haijaisha. Miaka ya 1890 Leopold Engel akaandika juzuu ya kumalizia akisema naye kapewa kwa njia ile ile. Niliisoma. Mambo yamo, mwisho wa hadithi umo, ila mwendo sio wake, sentensi zimekatwa fupi na zimenyooka, ule mzunguko haupo. Ushauri wangu ishia ya 10.